Kutoka diploma hadi degree: utafiti wangu wa enzi za Mjerumani ulikwama, mtani akaukwamua msibani

Wakuu, hodi humu ndani. Mlionitangulia shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Mimi huwa napita kusoma tu na kuondoka. Leo naandika kwa sababu hili jambo limenikaa kifuani na sijapata wa kumwambia akaelewa. Nililiona kwa macho yangu, nimekaa kwenye mkeka, mchana kweupe. Sijaongeza kitu, majina ya watu tu ndiyo nimeyabadilisha.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa. Nilisoma diploma ya utunzaji wa kumbukumbu, nikaajiriwa halmashauri moja kupanga mafaili. Kazi niliipenda, ila ndani nilikuwa na aibu fulani. Kikaoni mtu akianza na "sisi graduates", mimi naangalia viatu vyangu.

Historia nilijifundisha mwenyewe. Kijerumani pia, kwa simu na kamusi ya mtumba isiyo na jalada. Nilikuwa mtu wa kusoma hadi macho yanauma, halafu nalala nikiwaza kwamba kuna ukurasa nimeuruka.

GPA yangu ya diploma ilikuwa inaruhusu, nikaomba degree ya historia hapa Dodoma, nikapata. Mwajiri akanipa ruhusa ya masomo ya miaka mitatu. Akasema wazi kwamba mwaka wa nne hautakuwepo.

Wale waliopitia njia hii wanajua. Darasani unakaa na vijana waliotoka form six moja kwa moja, na wanakuonyesha. Chumbani kwangu kulikuwa na mmoja, kijana mzuri tu, lakini mdomo anao. Kila nikiwasha taa asubuhi anasema, "Mjomba diploma ameamka, mafaili yajiandae."

Nacheka. Ila moyoni niliapa nitatoka na first class, ili asiwepo mtu wa kusema tulipitia mlango wa nyuma.

Mpaka mwaka wa tatu nilikuwa kwenye mstari. Kilichobaki ni utafiti wa mwisho.

Nikachagua kijiji kimoja upande wa Chamwino. Mada: jinsi watu wanavyokumbuka babu zao walivyochukuliwa kujenga reli ya kati wakati wa Mjerumani.

Nilijiandaa kupita kiasi, nakiri. Nilisoma kila nilichopata kuhusu Mdachi katika Ugogo. Njaa, kodi, askari wenye viboko, vijana wanafungwa kamba na kupelekwa kuchimba tuta na kubeba mataruma ya reli. Nikaandika sura tatu safi. Nikazirudia, kisha nikazirudia tena.

Kijijini nilipokelewa na Mwalimu Yona, Mgogo, anafundisha shule ya msingi pale. Ndiye aliyekuwa anatafsiri kwa wazee wasiojisikia huru kwa Kiswahili. Tunaingia kila kaya, "Mbukwenyi", tunakaribishwa, tunakula ugali wa uwele na mlenda, tunaanza kuuliza.

Na jibu kila mahali lilikuwa moja. Wadachi walikuja, wakachukua vijana, wengi hawakurudi.

Aliyenipenda zaidi ni Bibi Foibe, mama mtu mzima sana, mcheshi. Nilimuuliza mara nyingi. Akanijibu, "Mjukuu wangu, walikuja tu. Upepo unakuja, unauliza umetokea wapi?"

Nikampelekea supervisor sura ya nne. Mama yule hana maneno mengi. Alisoma, akavua miwani.

"Hawa Wajerumani wako wanatembea kama malaika," akasema. "Hawajui Kigogo, hawamjui mtu, lakini wanaingia nyumba yenye vijana na kuruka yenye wazee. Nani aliwaonyesha?"

Nikasema sijui.

"Basi huna sura ya nne. Rudi ukaulize. Bila hapo hu-submit mwaka huu."

Mnaelewa maana yake. Mwaka huu nisipo-submit, ruhusa imekwisha, narudi kwenye mafaili nikiwa na diploma yangu ileile na miaka mitatu imepotea.

Nikarudi. Nikauliza nani alionyesha nyumba. Watu wakawa wananikatia maneno kwa upole. Mmoja anakumbuka mbuzi hajafungwa. Mwingine sikio linamsumbua. Mwalimu Yona naye akawa anatafsiri kwa kifupi, mtu anaongea dakika nzima, yeye ananiambia, "Anasema hajui."

Tumaini langu likabaki kwa Mzee Sila, mkubwa kuliko wote pale. Alikuwa anaumwa. Nikaambiwa nisubiri apate nafuu.

Akafariki.

Wakuu, nitasema kitu kibaya kuhusu mimi. Nilipopokea simu ya msiba, kabla ya pole, kilichonijia kichwani ni chapter four.

Nikaenda kuzika. Jeneza liko mbele ya nyumba, kina mama wanaimba nyimbo za kanisani, wanaume tumekaa kwenye mikeka. Mimi nipo pembeni ya Mwalimu Yona.

Mara akaingia mzee mmoja mwembamba anaitwa Lamek. Amevaa koti la marehemu. Kichwani nusu ya kibuyu kama kofia ya chuma, begani fimbo kama bunduki. Anapiga kwata kuelekea kwenye jeneza huku anajiamrisha, "Rechts! Links!"

Nilishtuka. Kulia, kushoto, kwa Kijerumani, kwenye msiba wa Ugogo, kutoka kwa mtu asiyejua kusoma.

Yona akaninong'oneza, "Mtani wao huyo. Ukoo wake na ukoo wa marehemu wanataniana tangu zamani. Leo hakuna wa kumkataza."

Lamek akaanza, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kigogo kidogo. Akasema marehemu alikuwa mwizi wa mbuzi. Mtoto wa marehemu akadakia, "Alimwibia baba yako, akamkuta amelala na huyo mbuzi." Watu kicheko.

Akasema marehemu alikuwa anamwogopa mkewe hadi analala zizini. Kina mama wakajibu kutoka ndani, "Na wewe wako alikukimbia kabisa." Kicheko tena. Mimi mwenyewe nilicheka, nikajishika.

Kisha akasimama mbele ya watoto wa marehemu, akashusha fimbo.

"Mnalia nini?" akawauliza. "Babu wa huyu mliyemlaza hapa hakulia. Alisimama mbele ya Mdachi akanyoosha kidole. Nyumba ile ina vijana wawili. Ile ina watatu. Ya kwangu msiingie, kuna wazee tu. Nyumba ya dada yake mwenyewe akaionyesha. Wale watoto wawili wakaenda relini, hawakurudi. Yeye akapewa kofia nyekundu."

Akageuka kwenye jeneza.

"Na wewe ukifika kwa babu yako, mwambie aivue hiyo kofia. Dada yake bado anangoja wanawe."

Kikatoka kicheko, kikakatika. Nikasubiri mtu ajibu kama walivyojibu yale mengine. Hakuna aliyejibu.

Mtoto mkubwa wa marehemu akainuka, akaleta kuku, akampa kwa mikono miwili. "Chukua kuku wako, mtani. Kaa." Lamek akavua kibuyu, akakaa, na mazishi yakaendelea kama hakuna kilichotokea.

Miezi yote naulizia kitu ambacho kimesemwa hadharani mbele ya kijiji kizima.

Tulipotoka makaburini nikamuuliza Yona, "Ule ni utani?"

"Ni utani."

"Kwa hiyo si kweli?"

"Nani kakwambia si kweli? Uongo wake tumeujibu, umesikia mwenyewe. Hili wamemtuliza kwa kuku."

"Mbona hukuniambia muda wote huu?"

Akaniangalia kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. "Ningekwambiaje? Aliyeonyeshwa na aliyeonyesha ni damu moja. Tunaoana, tunazikana, tunalima pamoja. Sisi hatulisemi. Analisema mtani, siku mtu wa nyumba ile akifa. Tunacheka, tunakwenda nyumbani nalo."

Nilikuwa nimefundishwa kwamba utani ni kichekesho cha msibani. Kumbe hapo ndipo hawa watu walipoiweka historia yao.

Nikaandika usiku na mchana. Jina la Mzee Sila, ukoo wake, kofia ya babu yake, kila kitu. Sura ya nne ikawa imekaa sawasawa, nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nikaenda kwa Bibi Foibe kumshukuru kabla sija-submit, na kumuuliza kwa nini alinificha.

Nikamwambia nilimwona msibani akicheka kuliko wote.

"Nilicheka," akasema. "Yule mama aliyenyang'anywa wanawe ndiye aliyemlea mama yangu."

Nilikosa mahali pa kuweka uso.

Akaendelea kuchambua mlenda wake. "Mjukuu wangu, Lamek akisema, anasema siku moja, halafu anakula kuku. Wewe ukiandika, utakuwa unasema kila siku, hata siku ambayo hakuna msiba. Watoto wa Sila watakaaje darasa moja na wajukuu zangu? Na wewe si mtani wetu. Nani atakupa kuku unyamaze?"

Hakunikataza. Hicho ndicho kilichonimaliza.

Nilirudi chuo, nikakaa na laptop siku nzima bila kula. Nikafuta jina. Nikafuta ukoo, kijiji, hata kofia. Nikabakiza desturi yenyewe, jinsi mtani anavyobeba lile ambalo ukoo hauwezi kulisema. Supervisor akasoma, akaniambia, "Panel watakubana hapa. Mimi sitakutetea, ila sitakuzuia."

Wakanibana kweli. Mmoja wao alianza kwa kicheko. "Kwa hiyo chanzo chako kikuu ni mchekeshaji wa msibani?"

Nikaeleza.

"Sawa. Mtaje huyo aliyeonyesha nyumba, tuhakiki."

Nikasema siwezi.

"Huwezi au hujui?"

"Najua. Siwezi."

Akaniambia bila jina hoja haithibitiki, na alama zitakatwa. Mimi ninayekosa usingizi kwa nukta iliyokosewa, nikasikia mdomo wangu unasema, "Nakubali zikatwe."

Nilipata C. Ya kwanza tangu nimeanza chuo. First class ikaondoka hapo hapo.

Degree nimepata, upper second. Kazini wameshanibadilishia cheo. Yule kijana wa chumbani alipata first class, na siku ya mahafali alinivutia kwenye picha yake, akawaambia wazazi wake, "Huyu ndiye mjomba niliyewaambia." Hakusema diploma.

Nilichojifunza, kwa mnaotaka kupanda kutoka diploma: njia ipo, na hamko nyuma ya mtu. Someni, msijidharau. Ila mkienda kwa watu kuchukua habari zao, mjue kuna zinazokaa salama kwa sababu zina siku yake na mtu wake. Mimi nilitaka ukurasa usio na doa. Nimebaki na ule wenye C, na nikikutana na Bibi Foibe naweza kumwamkia na kumtazama usoni.

Kuna siku bado najiuliza. Wale vijana wawili waliopotea relini nao walikuwa na majina, na mimi nimewafuta pamoja na aliyewaonyesha. Hapo sina amani, sidanganyi.

Mnaofanya utafiti, na nyie Wagogo mliomo humu, mngekuwa mimi mngeandika? Na huko kwenu, jambo kama hili hulisema nani? Nipo nasoma, nirekebisheni nilipokosea. Kijiji msiniulize.