Uunsi Ndani ya Ombwe

Nilipofika Garissa kutoka Nairobi, ninakoishi na kuandika riwaya, dada yangu Waberi hakunikumbatia. Alinishika mkono akanivuta, vumbi la safari likiwa bado kwenye baibui langu, hadi maabara ya chuo anakofundisha fizikia. Akanionyesha chombo cha chuma chenye vidirisha vya kioo.

"Kitazame," akasema. "Kinanidanganya."

Ndani yake huwa ombwe. Pampu huinyonya hewa yote, kisha huachiliwa gesi kidogo ya arigoni ipite kati ya sahani mbili bapa zinazotazamana. Umeme unaotetema kwa kasi ya mawimbi ya redio huitikisa gesi hiyo mpaka iwake. Gesi inayowaka hivyo huitwa plazma, na ndiyo masomo yake ya uzamifu. Vyombo kama hicho vimeundwa kwa mchoro mmoja katika maabara za nchi nyingi, ili anayepima huku na anayepima kule wapate jibu moja. Kwetu Wasomali mtoto hufunzwa kumtaja baba, babu na baba wa babu. Akimruka mmoja, wazee humuuliza yeye ni wa nani. Chombo cha dada kilikuwa kinaruka.

"Volteji haifanani na ya wenzake. Na mwanga ulitakiwa kuwa urujuani. Huu ni nini?"

Ulikuwa umepauka, kama maziwa yaliyotiwa maji.

Kesho yake mwalimu wake angekuja kutoka Nairobi kukikagua. Vipimo visipofanana, chombo kingepakiwa na kupelekwa kwake, naye dada akifuate au aache masomo. Nyumbani Waberi alikuwa na mtoto anayenyonya, na mama yetu ambaye magoti yamemgomea. Kuwaacha hakuweza. Kuwahamisha pia hakuweza.

Akakizima, akakifungua ili akisafishe tena, kama alivyofanya wiki nzima. Akavaa glavu, akanipa rundo la vitambaa vyeupe vya pamba. "Nishikie, abaayo, dada yangu."

Nilipovishika tu nikawa nyumbani. Sijui nisemeje zaidi. Ilikuwa harufu ya Idi, ya shali za harusi, ya kifua cha mama.

"Hivi umevitoa wapi?"

"Vile vya kutupa viliisha. Hivi nafua mwenyewe, kwa maji yaliyochemshwa."

"Halafu unavianika, halafu?"

"Halafu nini? Mama huvikunja."

"Nusa."

Akanusa. "Sisikii kitu."

"Utasikiaje, dada? Unaishi humo humo."

Akavinusa tena. Kisha akampigia mama simu, sauti ikiwa juu ili nami nisikie.

"Hooyo, vile vitambaa vyangu vyeupe, unavifukiza?"

"Sasa nisivifukize?" mama akajibu. "Kitu kinachokuja kutazamwa na wageni, ukipanguse kwa matambara yanayonuka sabuni ya mche? Watasema msichana huyu hana mama."

Dada akateleza ukutani mpaka sakafuni, akicheka huku machozi yakimtoka. Kila alipokisafisha chombo, alikuwa anakipaka uunsi: ubani, sukari iliyoungua na marashi, yote yakipanda kutoka kwenye chetezo cha mama, kupitia tenga lililofunikwa vitambaa, hadi ndani ya chuma kisichotakiwa kuwa na kitu.

Tukanunua pamba mpya duka la dawa. Tukapangusa kwa spiriti safi, sahani, kuta na kila pembe. Akakifunga, akakizungushia mikanda ya joto ili chuma kitoe jasho la harufu yake, akaiacha pampu ivute hadi siku ya pili.

Mwalimu alifika akijipangusa shingo. Joto letu halikuwa na huruma naye. Dada akabonyeza kitufe. Sikuthubutu kutazama chombo, nikamtazama yeye, na rangi ikaingia usoni mwake kabla sijageuka: urujuani, kama ganda la kitunguu ukiliinua juani.

Mwalimu akasoma vipimo, akalinganisha, akasoma tena.

"Ni sawa na ndugu zake," akasema mwishowe. "Kikae hapa hapa. Nani ana mgongo wa kukibeba kwa barabara ile?"

Mchana tulikula wali na nyama ya mbuzi nyumbani. Mama alikuwa amefukiza sebule yote kwa heshima ya mgeni.

"Pole kwa safari, mwalimu," akamwambia. Kisha akamgeukia dada. "Kwa hiyo hicho chombo chako hakipendi uunsi?"

"Hakipendi, hooyo."

"Basi hakikulelewa."

Mwalimu akacheka mpaka akapaliwa. Kicheko kilipoisha, dada hakuwa akisikia tena. Alikuwa amelala akiwa ameketi, mtoto kifuani, vidole vyake bado vina punje za wali. Mama akanyanyuka, na magoti yake mabovu, akakichukua chetezo akakitoa nje, akakisogeza mbali kabisa na kamba ya nguo.