Moyo Niliousema Mimi

Aibu nimeziona nyingi, lakini ile ya kulazwa chali mbele ya kanisa zima huku soksi ikinitoka kifuani bado inanichemsha damu mpaka leo, na ninyi chekeni tu, najua mtacheka.

Nilikuwa nimepona saratani ya titi. Titi la kushoto lilikatwa, nikachomwa kwa miale, nikatiwa mshipani ile dawa nyekundu inayomaliza nywele zote, nikarudi kwetu mtaa wa Huruma, ghorofa ya nne, nikimshukuru Mungu. Mwaka uliofuata miguu ikaanza kuvimba, ngazi zikanishinda, na usiku nikawa silali bila kuegemea rundo la mito. Nikarudi hospitali. Daktari akanipima, akasema moyo umedhoofika, kwamba ile dawa nyekundu pamoja na miale huweza kuuumiza moyo hata baada ya matibabu kwisha. Nikamuuliza mbona hawakunionya.

"Mama, wakati ule tulikuwa tunapigania uhai wako kwanza," akasema. (Kwanza. Kana kwamba masikio yangu yasingebeba na la pili.) Akanipa tembe, akanikataza kubeba maji na kusimama sana.

Sasa pampu inayopandisha maji kwenye ploti yetu, jengo zima la wapangaji, ilikuwa imekufa, kama kawaida yake, na kila mtu alikuwa akipanda na mtungi. Ngazini nikakutana na Mama Mutua, jirani yangu na kiongozi wa akina mama kanisani, akaniuliza daktari amesemaje. Nilitaka kumweleza yote, lakini pumzi ilikuwa imebaki kidogo na ngazi zimebaki nyingi, nikaamua kufupisha.

"Shida ni moyo," nikasema, nikajigusa kifua upande usio na titi, naye kwa adabu akatazama ukutani.

"Pole, mama. Mimi nilijua tu. Jumapili tutaimaliza hiyo kitu."

Nikafikiri wataniombea nikiwa nimeketi kwenye benchi langu. Jumapili naona naitwa mbele, mimi na mume wangu, na mchungaji anatangaza kwamba dada yetu ana shida ya moyo, amebeba kinyongo, hataki kusamehe, ndiyo maana haponi. Nikasema, "Mchungaji, si moyo huo." Akaniambia nisijitetee, niachilie. Kisha akamgeukia mume wangu: "Baba Nekesa, umemkosea nini huyu mama?"

Mume wangu, akidhani nimemchongea, akakiri kwamba tangu niugue yeye hupitia buchari kula nyama choma, halafu anafika nyumbani na kusema hana njaa. Kanisa likaitika amina. (Na mimi nilikuwa nikimwonea huruma, nikidhani mawazo yamemfunga tumbo.)

Wakaanza kuimba na mimi nimesimama, wimbo ukafuata wimbo, pumzi ikakata, nikaanguka. Mnadhani kuna aliyeleta maji? Walipiga makofi. Mama Mutua akasema Roho ameshuka, wakanilaza chali na kunikandamiza mabega, na mimi nikilala chali ni kama nimezamishwa kichwa kwenye pipa. Kila nilipojaribu kuinuka wakasema kinyongo kinatoka. Katika purukushani hiyo ile soksi niliyoijaza vitambaa mahali pa titi ikachomoka kwenye blauzi, ikabingirika hadi kwenye kiatu cha mchungaji, naye akaikemea kabla hajajua ni nini.

Nilidhani nakufa, na nikifa wataendelea kuimba. Hasira ndiyo iliyoniokoa: nilimng'ata Mama Mutua mkono, akaniachia, nikaketi.

"Nimesema moyo," nikawaambia nikihema. "Huu wa nyama. Umeshindwa kusukuma damu."

Wote wananitazama, na soksi iko pale.

"Kama pampu ya ploti?" mume wangu akauliza.

"Ndiyo, Baba Nekesa. Kama pampu ya ploti."

Hapo ndipo kanisa lote likaelewa, na mtu akaleta kiti.

Hakuna aliyeniomba radhi. Mama Mutua mpaka leo anasimulia alivyong'atwa na mgonjwa aliyekuwa akimwombea. Basi nimeapa sitasema tena nina shida ya moyo, nasema pampu yangu imeharibika, na watu wakanibebea maji bila maswali. Ile ya ploti hatimaye ilitengenezwa, maana wapangaji wote waligoma mpaka mwenye nyumba akaleta fundi. Kwa hii yangu hajagoma mtu.