Kivinjari Kisichokumbuka

Dada yangu alinikuta Ediofe, kwenye chumba cha kompyuta cha shule ninakofundisha, wanafunzi wameshatoka. Alikuwa amesafiri kutoka Koboko, simu yake kaifunga kwenye leso.

"Mdogo wangu, hii simu iko mzito," akasema. "Na kila mutu nyumbani anashika."

Baba yetu alikuwa askari. Kiswahili cha kambini ndicho tulichokulia, na tukiwa wawili ndicho tulichozungumza.

Alitaka nimchagulie kivinjari cha kufungulia mtandao. Nikafurahi, maana maswali ya namna hiyo nayapenda. Tukaweka vitatu, tukafungua ukurasa uleule kwa kila kimoja. Kile kilichokuja na simu kilikuwa na kila kitu: kinatafsiri, kinatunza nywila, kinasoma maandishi kwa sauti. Lakini simu ilipata joto, na kilikumbuka kila mahali alipopita. Cha pili kilikuwa chepesi, kinabana data, kizuri kwa kule kwao ambako mtandao unakatika ovyo. Ila kurasa zote zilipitia kwanza kwenye mitambo ya kampuni iliyokitengeneza, na matangazo yalijaa hadi pembeni. Cha tatu kiliwazuia wanaokufuatilia, na ukikifunga kinasahau yote. Kurasa nyingine kilizivuruga, picha hazikutokea.

"Hicho cha kusahau," akasema kabla sijamaliza.

"Dada, hicho kinachelewa."

"Wacha kichelewe."

Ndipo akanieleza. Binti yake alikuwa akitafuta habari za shule. Aliandika herufi moja tu, simu ikamalizia yenyewe maneno ambayo mama alikuwa ameyatafuta. Mtoto akayasoma kwa sauti, na mama mkwe alikuwa amekaa palepale.

"Maneno gani?"

"Mambo ya wanawake."

Mimi mwanamume, nikarudi kwenye simu. Nikamfundisha jinsi ya kukifunga, akarudi kwake.

Miezi ikapita. Siku moja shemeji, mume wake, akanipigia, sauti yake sikuitambua. Nilipofika Koboko nilimkuta dada amelala kwenye mkeka, amekonda kabisa. Hospitali ilikuwa imeshawarudisha nyumbani. Uvimbe ulianzia kwenye titi, sasa ulikuwa umesambaa.

Shemeji akanivuta nje, akanipa ile simu.

"Shemeji, wewe iko mutu wa kompyuta. Tazama. Alijua?"

Nikafungua. Ukurasa mweupe, na nafasi ya kuandika unachotafuta. Nikabonyeza huku na huku, ingawa nilijua vizuri kuwa sitapata kitu.

"Hamna kitu humu," nikamwambia.

Nikarudi ndani, nikachuchumaa karibu naye. Nikamuuliza mwenyewe kama alijua.

"Nilisoma," akasema. "Nilisoma mpaka macho ikachoka. Kila mahali wanasema enda hospitali haraka."

"Sasa mbona hukuenda, dada?"

Akavuta shuka hadi kidevuni.

"Yule mama wa jirani alikatwa titi. Bwana akamrudisha kwao, watoto wakabaki. Na huyu mama mkwe alishaanza kuniangalia. Ningesema naenda wapi?"

Sikujua kwamba shemeji alikuwa amesimama mlangoni.

"Mimi?" akasema. "Mimi ningekurudisha?"

Dada aligeuza uso, akautazama ukuta. Shemeji akarudia swali lake, taratibu kuliko mwanzo, kisha akakaa chini hapohapo mlangoni, na watu waliokuja kumwona mgonjwa wakawa wanamruka kupita.

Tulimzika kabla mvua hazijaanza. Bado nafundisha, na kila muhula wanafunzi huniuliza kivinjari kipi ni bora. Naongea juu ya kasi, naongea juu ya data. Nikifika kwenye faragha nawaandikia ubaoni, wanakili wenyewe, na mimi natoka nje nasimama barazani mpaka kengele ilie.