Mkono wa Kiondo

Wasichana wa chuo wakinijia kibandani hapa Nchiru na sindano mpya ya kroshia, huwa najua swali kabla hawajafungua mdomo. "Mum, kwani wewe hufanyaje? Yangu inajikunja." Wamejifunza kwenye simu. Wanataka kofia, wanataka vile vijiblauzi vya kuacha kitovu nje, na walichoshona kimejikunja kama jani la ndizi juani. Nawauzia uzi wa sweta, kwa hiyo ushauri nautoa bure, ingawa subira sina. Mimi ni mtu wa kufoka. Mume wangu husema ningekuwa mwalimu, shule ingebaki na mimi na kengele.

"Legeza mkono," nawaambia. "Uzi si chuchu ya ng'ombe, haukamuliwi."

Wanadhani nilizaliwa nikijua. Kushona nilijua kweli, lakini mbinu hizi ndogondogo nilizipata kwa kumfundisha mtu mmoja tu, mama mkwe wangu, na sijawahi kuona mwanafunzi mgumu kama yeye.

Alikuja kwetu kutoka Kibugu, upande wa Embu, ambako mashamba ya chai yanakwenda mpaka ukingoni mwa msitu. Nilikuwa na mimba ya miezi sita na daktari ameniambia nilale, nisiinue hata ndoo. Hiyo ilikuwa mimba ya pili. Ya kwanza ilifika miezi minane, na mtoto akazaliwa bila kulia. Mtoto huyo nilikuwa nimemshonea shali nyeupe, nikaikunja, nikaiweka sandukuni wiki nyingi kabla ya siku zake. Kwao Kibugu mtoto hatayarishiwi nguo kabla hajafika, na hata kwetu Ruiri wazee watakwambia hivyo hivyo. Nilijua. Nikasema hayo ni mambo ya zamani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu langu lilivunjika mahali pasipofungika bandeji. Baada ya mazishi hakuna aliyenitajia shali, na aliyenyamaza kuliko wote ni mama mkwe. Ukimya wake niliuchukua kuwa hukumu.

Kwa hiyo nilipomwona akiingia, kikapu cha kiondo mgongoni na kamba yake kwenye paji la uso, nilijiambia, haya, askari amefika.

Siku ya tatu aliketi kando ya kitanda changu. "Mwari," akasema. Aliniita hivyo tangu niolewe, yaani binti. "Nifunze hii kitu yako ya sindano."

Nilidhani sikusikia vizuri. Huyu ni mwanamke aliyesuka viondo tangu akiwa msichana mdogo, na kroshia aliiita kazi ya watu wasio na shamba. Nikamuuliza anataka kushona nini.

"Vitambaa vya makochi."

"Vya makochi gani, Mama? Kwako mgeni hajui akalie kiti ama akalie vitambaa."

"Vya makochi," akarudia, bila kucheka. "Ndogo ndogo, ya kutosha kiganja. Na tusiunganishe."

Alichagua uzi wa rangi ya maziwa, tukaanza. Shida ya kwanza ilikuwa ngozi. Mikono iliyochuma chai miaka arobaini ina mipasuko, na kila mpasuko ulinasa uzi. Nikamwambia aweke kijiko cha sukari kiganjani na mafuta kidogo ya kupikia, asugue mpaka sukari iyeyuke, kisha aoshe. Ule weusi wa utomvu wa chai uliobaki vidoleni tuliutoa kwa limau, la sivyo uzi mweupe ungekuwa kijivu kabla ya safu ya tatu. Alinusa mikono yake. "Sasa nanuka mandazi," akasema. Huo ndio ulikuwa mzaha wake wa kwanza nyumbani kwangu.

Shida ya pili ilikuwa vifundo vya vidole. Vilikuwa vimevimba, na sindano nyembamba ilimponyoka kila mara. Nilifunga mpini wake kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, ukateleza vivyo hivyo. Alikwenda nje, akarudi na gunzi kavu la hindi, akalitoboa katikati kwa waya wa moto, akasukuma sindano ndani. Ghafla alikuwa na mpini mnene unaojaa kiganja, mwepesi, usioteleza. Leo ukiniona nimemkabidhi mwanamke mzee sindano yenye gunzi, usinisifu mimi.

Mabonge ya uzi nayo yalikuwa yakibingirika hadi chini ya kitanda, na mimi siruhusiwi kuinama. Tukachukua birika kubwa lililopoteza kifuniko, tukatia bonge ndani na kutoa ncha ya uzi kwenye mdomo wa birika. Likawa linamimina uzi taratibu bila kufungamana. Uzi uliokuja kwa vishada nilimshikia kwa mikono miwili naye akaukunja kuwa bonge. "Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema, "lala tu hivyo hivyo, mikono haijakatazwa na daktari." Mwanzo wa kila mzunguko tuliweka pini, maana ukiupoteza mwanzo umepoteza kazi yote. Na kwa sababu alisahau hesabu kila jirani alipobisha, aliweka vikombe viwili na punje za mahindi, akimaliza safu anahamisha punje moja. Wakati mwingine kuku aliingia akala hesabu, nasi tukaanza upya.

Lakini ugonjwa wenyewe hasa ulikuwa mkono. Anayesuka kiondo huvuta. Kila msokoto anaukaza mpaka kidole kimuume, anaugonga kwa kucha, anaukaza tena. Mkono ukizoea hivyo miaka hamsini, hauwezi kuambiwa leo kwamba huu ni uzi wa sweta, uachie upumue. Kitambaa chake cha kwanza kilisimama chenyewe mezani, kingo juu, kigumu. Nilicheka mpaka nikashika tumbo.

"Mama, hili ni bakuli."

"Kiondo ikipitisha maharagwe si kiondo," akasema kwa hasira kidogo.

"Na makochi yalianza lini kubeba maharagwe?"

Nilimfokea, lazima nikiri. Nilimpa sindano iliyo nene zaidi kwa cheni ya kwanza, ile ya msingi, kwa sababu cheni ikibana mwanzoni hata ukijilegeza baadaye haitakusamehe. Nikamwonyesha uzi upite juu ya kidole kimoja tu, usizungushwe mara mbili kama kamba ya mbuzi. Nikamwambia ashushe mabega. Vyote vilisaidia kwa safu mbili, kisha mkono ukarudi Kibugu. Kilichofaa nilikigundua kwa bahati. Alipokuwa akinisimulia jambo, alisahau kuvuta. Basi nikawa namchokoza aseme. Nikamuuliza habari za mbuzi, za mavuno, za siku mume wangu alipoanguka ndani ya pipa la maji akiwa mdogo. Akisimulia, mshono ulilegea. Akinyamaza, ukakaza.

Vitambaa vikaongezeka. Vya kwake vilikuwa na mabega, vyangu vililala. Mimba ikaingia mwezi wa saba, kisha wa nane, mwezi ule ule uliomchukua wa kwanza. Sasa hakuna aliyekuwa anacheka sana. Kila asubuhi alinitazama usoni kabla ya kunisalimia, halafu alitazama tumbo, na mimi nikasubiri mtoto apige teke ndipo niitikie.

Mchana mmoja nilichoka kusubiri. Nilichukua vitambaa viwili, nikavilinganisha kingo, nikaanza kuviunganisha. Nilitaka tu kuona. Mama mkwe alivinyakua mkononi mwangu. Alinyakua kweli, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

Basi nikapasuka. "Sema tu, Mama! Sema mimi ndiye niliyemuua na ile shali. Miaka miwili umenyamaza, si useme tumalize!"

Alichukua sindano yake yenye gunzi akaendelea na kitambaa alichokuwa amekianza, na mimi nikageukia ukuta nikalia. Nilisikia uzi ukitoka kwenye birika. Kisha akaanza kusema, taratibu, macho kwenye kazi.

"Kabla ya bwana yako kulikuwa na msichana. Yeye hajui hiyo, usimwambie leo. Mimi nilifuata kila kitu mama yangu aliniambia. Sikununua nepi. Sikushona kitu. Hata jina sikuwaza. Na akaenda tu, mwari. Siku ya kumzika hakukuwa na nguo hata moja ya mtoto kwa hiyo nyumba. Nilimfunga na leso niliyokuwa nachumia chai. Ilikuwa na utomvu."

Niligeuka. Alikuwa bado anashona.

"Wako alienda na shali," akasema. "Nyeupe. Imeshonwa na mama yake. Nilikuwa nimesimama hapo kaburini nikiiangalia. Sikukulaumu. Nilikuonea wivu, na nikaona haya, ndiyo maana nilinyamaza."

Nilikuwa nimembeba mama huyu moyoni miaka miwili kama hakimu, kumbe naye alikuwa amebeba wake. Nilishika kifundo chake kilichovimba, nikakishika tu. Mwishowe nikamuuliza, "Basi mbona hutaki tuunganishe?"

"Kwa sababu naogopa," akasema. "Desturi haikunisaidia, hiyo najua. Lakini woga haisikizi maneno. Ikiwa haijaunganishwa, ni vitambaa vya makochi. Ikitokea mbaya, tutaweka kwa makochi. Ikitokea nzuri, unajua ni nini."

Nilijua. Nadhani nilijua tangu siku ya kwanza aliposema vya kutosha kiganja. Alikata uzi, akaficha mkia wake ndani ya mshono kwa sindano ya kushonea, akaweka kitambaa mezani. Kililala. Kilikuwa cha kwanza katika kazi yake yote kulala bapa, pembe nne chini, laini. Tulikitazama sote wawili, akasema, "Ona huyu sasa," na akaenda kuweka chai.

Uchungu ulinishika alfajiri, wiki ya thelathini na nane. Mume wangu alinipeleka hospitali, na mama mkwe akaja nyuma na kiondo chake. Sikuuliza kilikuwa na nini. Mtoto alizaliwa saa nne asubuhi na akalia mara moja, kilio kikubwa cha mtu aliyedhulumiwa shamba, na mimi nikalia naye. Nesi alitoka kuwaambia waliokuwa kwenye benchi. Aliporudi alikuwa anacheka. "Huyo mama yenu ni wa ajabu. Nimemwambia ni msichana na amelia, hajauliza kilo wala nini. Ametoa gunzi la hindi kwenye kiondo akaanza kushona."

Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa mchana. Aliingia wa kwanza, mume wangu nyuma yake. Vitambaa vyote hakuvimaliza, muda haukutosha. Alikuwa ameunganisha tisa, vitatu kwa vitatu, na kile kilicholala kiko katikati. Nilipitisha kidole kwenye maungio. Alikuwa amekaza kama alivyokaza viondo maisha yake yote, kila mshono umevutwa mpaka mwisho, na safari hii sikuwa na neno. Mahali pa kuunganisha ndipo panapotaka mkono wa kiondo. Mtoto sasa ana miaka minne, ameiburuta kazi hiyo shambani na kuifanya hema na kumfunga nayo paka, na vitambaa vyenyewe vimechakaa, lakini maungio hayajafunguka hata mahali pamoja. Wasichana wa chuo huniuliza kwa nini nawaambia walegeze, walegeze, halafu mwishoni nawaambia wakaze. Huwa nawaambia wafanye tu wanavyoambiwa. Lile bakuli la kwanza liko hapa mezani, nimewekea pini, na hakuna anayeruhusiwa kulinunua.

Lakini siku ile hospitalini alikuwa bado amesimama mbali kidogo na kitanda, kazi yake imetandazwa mikononi. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Miezi mitatu aliyokaa nyumbani kwangu hakuwahi kulitamka lile neno, hata mara moja, hata siku ile aliponiambia yote.

"Mlete nimfunge, mwari," akasema. "Shali iko tayari."

Nikampa.