Nguzo Zilizonyolewa

Mmeniganda kama kupe niandike habari za binti yangu, mimi ninayeshika kalamu kama mwiko. Haya. Mwandiko ukiwashinda, shauri yenu.

Kitindamimba wangu ni mpimaji wa miamba kwenye mgodi wa makaa. Hukadiria mlima unalemea kiasi gani kule chini, kisha anaamua nguzo za makaa zinazoachwa bila kuchimbwa ziwe nene vipi, zishike dari. Tangu aanze kazi hiyo chakula hakimshuki, na akilala anasaga meno. Mumewe anachimba humohumo, chini ya hesabu zake.

Asubuhi moja mkwe wangu alipita kunywa chai kabla ya zamu, maneno yanamtoka kwa raha. Tani zimepanda, akaniambia, kwa sababu wanazikwangua zile nguzo pembeni, huyu kidogo, yule kidogo. Makaa ya hapo yanabanduka yenyewe. Msimamizi anajifanya haoni.

"Tumezinyoa tu, mama," akacheka. "Usimwambie mwanao, atanuna."

"Nitamwambia."

Akadhani namtania, akaenda zake.

Nikafunga kanga, nikajikokota na magoti yangu haya mpaka ofisini kwa binti. Aliponisikia, alivuta daftari la vipimo. Vipimo vya darini vilikuwa vinasogea wiki nzima, kumbe yeye analaumu mitambo. Hesabu yote aliipigia nguzo nene, na nguzo hizo hazipo tena. Akampigia msimamizi simu watu watolewe. Yule akamjibu wasubiri zamu iishe.

"Basi nateremka," binti akasema. "Wasipotoka, nakaa nao hukohuko."

Akateremka kweli. Mimi nikabaki kwenye benchi la getini, roho juu. Mlinzi akaniletea maji, nikayaweka chini. Kila lifti ilipopanda nilisimama, nikaona ni mawe matupu, nikakaa. Nilijiuliza kama nimewaokoa au nimewaongezea na binti yangu akafe nao.

Mwishowe wakatoka, weusi, wamevimba kwa hasira maana bonasi imeota mbawa. Mkwe alinipita kama anapita gogo. Binti akatoka wa mwisho.

Dari haijaanguka mpaka leo. Basi wanamwita Bi Woga, na mumewe analala sebuleni, anasema nimemvunjia nyumba. Na avunjikiwe, mradi anapumua. Sasa wakubwa wanataka pale alipopafunga binti pafunguliwe tena.

Wewe unayesoma, kama una mtu wako chini ya ardhi, muulize leo hii anakwangua nguzo au hakwangui. Akibabaika, mfichie buti, halafu uje uniambie.