Kuvua Juu ya Shamba Letu

Mimi navua nikiwa nimekaa nchi kavu, na sitaki mtu anihurumie kwa hilo. Nina ufito, mshipi, ndoano na kopo la nyungunyungu. Nina ndoo ambayo naipindua naikalia, na samaki wa Bahi akinihitaji anajua pa kunikuta. Nikichoka nanyanyuka, nanyoosha miguu. Mvua ikishuka najikinga barazani kwa mtu na mara nyingine napewa uji. Mwenye mtumbwi akichoka anakwenda wapi? Anabaki palepale alipochokea, suruali imelowa, anachota maji kwa kopo yasije yakamzamisha, halafu jioni anapita kunicheka kwamba nimeshinda kutwa nzima kwa ajili ya perege wawili.

Aliyekuwa hodari wa kunicheka ni mdogo wangu, anayenifuata kwa kuzaliwa. Yeye na mtu mmoja aliyetoka kanda ya ziwa walikuwa na mtumbwi wao na nyavu, wakirudi na kambare wa kujaza beseni. Mimi naishi Kikuyu, mjini Dodoma, kazi yangu ni kupaka rangi nyumba, na kwenda Bahi mwishoni mwa wiki kuvua ndiyo starehe yangu. Kwake uvuvi haukuwa starehe. Ulikuwa ugali wa watoto wake, na alipenda kunikumbusha.

Asiyeijua Bahi anadhani ni ziwa. Si ziwa, ni mbuga. Miaka ya ukame ni majani makavu na udongo uliopasuka, ng'ombe wanapita. Mvua ikiwa ya wastani tunalima mpunga, kila familia na majaruba yake yenye matuta ya kuzuia maji. Kisha inakuja miaka kama hii ya karibuni, maji yanateremka kutoka kila upande, yanafunika matuta, mpunga, njia na vichaka, na watu waliokuwa wakulima wanaamka wavuvi. Ukingo wenyewe hauna adabu. Msimu huu ndoo yangu naiweka lilipokuwa zizi la jirani yetu, na jirani ananisalimia kutoka mlangoni kwake utadhani mimi ndiye niliyemletea maji.

Na sisi Wagogo si watu wa maji. Tumezoea kuyatafuta kwa jembe, chini ya mchanga, siyo kuyakuta yametuzunguka. Mdogo wangu hajui kuogelea. Mimi sijui. Mama yetu hajui, na marehemu baba hakuwahi kujua. Kabla ya haya mafuriko mdogo wangu alikuwa mfugaji. Ukame uliotangulia ulimkuta na ng'ombe wa kutosha, akawaswaga kuelekea kusini kutafuta malisho, akakaa huko muda mrefu. Mkewe alikwenda kujifungua kwao Chamwino, akawaacha watoto wakubwa kwa bibi yao, mama yetu. Mdogo wangu aliporudi, na ng'ombe wa kuhesabika bila kuchoka, alikuta majaruba yetu yameshakuwa maji. Akauza waliobaki, akaingia ubia wa mtumbwi.

Ajabu ni kwamba hakuwa na woga hata kidogo. Alikuwa anaijua Bahi kwa chini. Akiwa majini alikuwa akimwambia mwenzake, hapa tupo kwa shangazi, hapa ndiyo njia ya ng'ombe, pale mbele tutaingia kwetu. Yule mwenzake, mtu aliyezaliwa kando ya maji ya kina, alicheka mpaka machozi, maana hakuwahi kuona nahodha anayeongozwa na mashamba. Mtumbwi ulipokwama juu ya tuta, mwenzake alitaka kwanza achomeke upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, apime kina. Mdogo wangu hakumsubiri. Alivuka ukingo wa mtumbwi akashuka kusukuma, kama mtu anayetoka nyumbani kwenda uani. Wazaliwa wote wa pale wanafanya hivyo. Unayaogopaje maji ambayo chini yake ni shamba lako? Yule wa ziwani walimtania kwamba anaogopa maji ya magoti.

Mama aliuchukia ule mtumbwi tangu siku ya kwanza. Alinipigia simu mara kwa mara, mimi nikiwa juu ya ngazi na brashi mkononi, na baada ya salamu ndefu alifika palepale: nimshawishi mdogo wangu avue ukingoni, avue kama ninavyovua mimi. Sitaficha, nilivimba kichwa. Katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kuusifu uvuvi wangu, na sasa mama mzazi ananifanya mfano. Nikaenda kumhutubia mdogo wangu juu ya faida za nchi kavu. Akanisikiliza kwa heshima yote, kisha akaniuliza kama nyungunyungu wangu wanatosha kulisha watoto watano.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikulielewa. Kila jioni mtumbwi ulipofika, mama alimuuliza wamepita wapi. Siyo wamepata nini. Wamepita wapi, na wamekwama wapi. Mdogo wangu alifurahi, akadhani bibi mzee ameanza kuupenda uvuvi, akamsimulia safari yote shamba kwa shamba. Mama alisikiliza huku akichambua mlenda, na akimaliza kusikiliza aliinuka akaenda kuupika. Nilidhani ni uzee.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa kwenye ndoo yangu. Mama alikuja akasimama nyuma yangu, khanga begani, akitazama majini. Mtumbwi ulikuwa karibu kiasi cha kusikia sauti zao. Nikauona unasita, unapinda, unagoma. Umekwama. Nikamwambia mama kwa kujivunia ujuzi wangu kwamba hapo bila shaka ni kwenye tuta letu, jaruba lile la mwisho upande wa mbuyu.  Mama alianza kupaza sauti kwa Kigogo, akimwambia asishuke. Upepo ulikuwa unatoka majini kuja kwetu. Mdogo wangu alitazama upande wetu, akaona mama yake anapunga mikono, naye akainua mkono kumsalimia. Kisha akavuka ukingo wa mtumbwi.

Hakuanguka. Alishuka wima, akapotea. Kofia yake ilibaki juu ya maji.

Nilitupa ufito nikaingia. Hapo ndipo nilipoelewa, bila mtu kunifundisha, tofauti iliyopo kati ya mtu wa ukingoni na mtu wa mtumbwini: wa ukingoni anaona kila kitu na hafiki. Maji yalinifika magotini, yakapanda mapajani, tope likawa linanishika kila mguu na kudai kwanza ulipiwe. Nilikuwa nakwenda moja kwa moja alipopotelea. Nikahisi shati linavutwa kwa nyuma kwa nguvu hata nikakaribia kukaa. Ni mama. Aliingia nyuma yangu na khanga yake, na uso wake sikuwahi kuuona hivyo.

"Si huko," alisema. "Pita huku, kushoto. Fuata mimi."

Nikamfuata.  Yule wa ziwani alikuwa amelala kifudifudi juu ya mtumbwi, ameshindilia upondo chini, akiutikisa na kuita. Halafu akaacha kuutikisa. Kuna mtu alikuwa ameushika upande wa pili. Akauvuta taratibu, kwa akili, kama anayevuta ndoo ya maji kisimani na hataki kamba ikatike, na kichwa cha mdogo wangu kikatokea, chote tope, hakina macho wala mdomo. Tulipofika tulisaidia kumpandisha. Alitapika maji ya rangi ya udongo, akalia kwa sauti kama mtoto, nami nikalia naye, na sikujali nani ananiona.

Tulimlaza uani, juani, tukamfunika blanketi. Watu walijaa, wakatoa pole, wakapungua. Tulipobaki sisi watatu na yule mwenzake, mdogo wangu akaanza kushangaa. Meno yakigongana alisema kwamba maji ya mwaka huu yana nguvu, yamechimba shimo refu katikati ya shamba letu, kwa maana yeye amelima pale tangu utotoni na shamba letu halina shimo.

Mama alikuwa anakoroga uji. Aliuepua kwanza, akaufunika.

"Pale nilichimbisha mimi," alisema.

Akatueleza bila kutuangalia. Mwaka ule wa ukame, mdogo wangu yuko kusini na ng'ombe, mimi niko mjini na kazi za kubahatisha, yeye na wajukuu walifika mahali pa kula mara moja kwa siku, tena majani. Nilikuwa namtumia nilichopata, akasema hivyo mwenyewe, ila hakikutosha. Akaja mtu na lori, anataka udongo wa kufyatulia matofali, maana mjini kila siku nyumba zinaota, na udongo wa majarubani ndio mzuri. Analipa kwa mahindi. Majirani walikuwa wameshakubali. Naye akakubali. Walichimba mpaka wakafika urefu wa mtu na zaidi, hapa wakamaliza, wakahamia pale, bado kwenye shamba letu. Waliahidi kufukia. Mvua zikawawahi.

Baba kabla hajafa alituita tukamsikia wote akisema ule udongo usiuzwe, ng'ombe wakiisha, nyumba ikianguka, ule udongo usiuzwe. Mama ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Sasa angeanzaje kutuambia? Majirani nao hawakusema, kila mmoja ana mashimo yake. Akaona bora maji yafunike, na mdogo wangu akae ukingoni, na siku maji yakikauka atajua la kufanya. Kumbe nilipokuwa najiona bingwa wa nchi kavu, mama alikuwa anamwombea mwanawe nafasi ya kuishi kupitia mdomo wangu.

Nilitegemea mdogo wangu angefoka. Ana hasira za karibu, tangu utoto. Alivuta blanketi mpaka shingoni. Nilihesabu moyoni nyumba nilizopaka rangi miaka ile, kuta mbichi za matofali mekundu, nikaacha, maana hazina mwisho.

"Mashimo mengine yako wapi, mama?" akauliza.

Siku iliyofuata mama alisimama ukingoni ili atuonyeshe. Akainua kidole, akakishusha. Kutoka ukingoni maji yote ni maji. Yeye analijua shamba kwa miguu, kwa kutoka kwenye njia na kukata kona kwenye kichuguu, na njia na kichuguu havipo. Akajifunga khanga vizuri akamwambia yule wa ziwani amsaidie kupanda. Mama yangu, aliyeapa hatagusa ule mtumbwi hata ukiwa umelazwa nchi kavu. Akakaa katikati, ameshika kingo mbili kwa mikono miwili. Mdogo wangu akakaa mbele. Mimi hapakuwa na nafasi yangu.

Nikabaki kwenye zizi la jirani, nikiwatazama wote watatu. Ufito wangu sikuugusa. Niliwaona wanasimama, upondo unachomekwa, unazama mpaka mkono wa mwenye kuushika unaingia majini. Wakasimika mti mrefu, wakafunga kipande cha mfuko mwekundu. Wakasogea, wakarudi, wakasogea tena. Wakapata shimo la pili, wakasimika mti. Kisha wakaanza kuzunguka. Wakazunguka mpaka jua likawa kali, mama anaonyesha huku, wanapima, chini pagumu. Anaonyesha kule, pagumu. Aliporudi alishuka kwa kushikwa.

"Moja bado," aliniambia mimi, siyo mdogo wangu. "Lipo. Nililiona linachimbwa kwa macho yangu. Nimelikosa."

Mdogo wangu alirudi kazini baada ya siku chache, kwa sababu watoto wanakula. Sasa hashuki. Mtumbwi ukikwama anakaa ndani, mikono magotini, anamngoja mwenzake apime na kusukuma kwa upondo, na mwenzake hamtanii. Nampigia kila jioni, namuuliza habari za kambare, anajua ninachouliza, ananijibu kwamba hakushuka. Aliwahi kuniambia kwamba kinachomuuma siyo kuogopa maji. Kinachomuuma ni kwamba anapita juu ya shamba la baba kama mgeni asiyekaribishwa. Nikamuuliza hali ya watoto.

Jumapili huku kwetu Dodoma, mvua zikikaribia, kanisa zima linainamisha kichwa kuziomba. Ni sala tuliyofundishwa kabla hatujajua kusoma. Mimi nainamisha pamoja na wenzangu, nasema amina wanaposema amina, na moyoni namwomba Mungu azizuie, akaushe Bahi yote mpaka udongo upasuke, lile shimo lionekane. Najua maji yakikauka mdogo wangu hana samaki, hana ng'ombe, na watoto watakula nini sijui. Naomba hivyohivyo.