Simu Nyembamba na Ngamia wa Ayeeyo

Afadhali mlisikie kwangu kabla hamjalisikia sokoni, maana pale soko la mifugo la Garissa hata wauza nyasi za mbuzi wanalijua: mimi ndiye yule kijana mwenye shahada aliyemuuza ngamia wa bibi yake bila kujua kwamba anauza. Sikulewa, sikutishwa, wala hakuna aliyenidanganya. Nilikuwa nimesimama juani mchana kweupe, macho yangu yote mawili yanafanya kazi, nashughulika na simu. Na mpaka leo nikiifuata siku ile hatua kwa hatua sijui hatua ya kijinga hasa ilikuwa ipi, kwa sababu kila moja, wallahi, ilikuwa na sababu nzuri.

Naitwa Jibril. Nina ukurasa wangu mdogo mtandaoni ambako nalinganisha simu mpya, na ninachojulikana nacho ni ubishi. Mtu akisema simu fulani ndiyo bora, mimi huuliza: bora kwa nani, imepimwa na nani, katika jua la wapi? Imani yangu ilikuwa moja tu, na niliirudia mpaka wasomaji wakaikariri: tazama kilicho ndani. Betri, prosesa, kumbukumbu, mwangaza wa kioo. Umbo ni vipodozi.

Sasa Fartun, ambaye nilisoma naye shule ya upili na ana duka la simu mjini, akapokea simu mbili mpya za kampuni mbili tofauti, zile za juu kabisa, akaniita nizijaribu. Akaziweka juu ya kaunta. Moja ilikuwa nene, ya kijivu, kama kipande kilichokatwa kwenye lori, na karatasi yake ilisema betri kubwa na kioo kinachosomeka hata kwenye jua kali. Ya pili ilikuwa nyembamba kama biskuti, mgongo wa glasi, rangi ya maziwa yanayoanza kuganda. Karatasi yake ilisifu umbo na kamera inayoona gizani, na kuhusu joto ilinyamaza kimya. Niliuona ule ukimya (mimi ni mtu wa kuona ukimya wa karatasi).

"Chukua moja leo, nyingine kesho," Fartun akasema. "Na simu yako ya zamani inabaki hapa, ili nijue utarudi."

Mkono ukaenda kwenye ile nyembamba.

"Si ulisema umbo ni vipodozi?"

"Naanza na ile mbaya ili niimalize haraka," nikasema, huku naupapasa ule mgongo wa glasi.

"Haya, walaal, ndugu yangu. Mimi naona mkono wako umeshaamua bila kukuuliza."

Nikahamishia laini yangu ndani yake, na hata sijatoka mlangoni ikalia. Alikuwa Abti Hassan, ndugu ya mama yangu. (Kwetu Wasomali mjomba humwita mpwa wake jina lile lile analoitwa yeye, kwa hiyo mimi namwita abti, naye ananiita abti, na bibi yangu namwita ayeeyo, naye ananiita ayeeyo, na nilipokuwa mdogo niliuliza sana ni nani aliyepanga mambo hivi, sikujibiwa.) Abti alikuwa ametembea na Deeqa tangu alfajiri mpaka soko la mifugo, kwa sababu Deeqa alikuwa anachechemea, na siku ya soko daktari wa mifugo huwa yuko pale; akataka nimfuate huko.

Deeqa ni ngamia jike wa Ayeeyo, na hauzwi. Hilo nataka mlishike. Ayeeyo ana ngamia mmoja tu aliyeachwa na ukame, na maziwa ya ngamia huyo yanayoingia mjini kila asubuhi ndiyo yanayomfanya Ayeeyo kuwa mtu wa kujitegemea, na ndiyo yaliyonisomesha mimi mpaka nikajua kuuliza maswali yasiyo na faida.

Nilipofika, Abti akanikabidhi kamba. "Abti, daktari yuko upande ule wa mbuzi. Namfuata. Wewe usifanye lolote. Simama tu." Akanitupia na shali lake la begani nijikinge jua, akaenda.

Usifanye lolote! Nimeyafikiria sana maneno hayo. Kazi rahisi kuliko zote nilizowahi kupewa.

Nikajiambia, basi, nisipoteze muda, hili ndilo jua lenyewe la kupimia simu. Nikajizungushia kamba kwenye kiwiko, nikawasha video, nikaanza, "Ndugu watazamaji..." Dakika chache tu mgongo wa glasi ukawa kama sufuria ya chai, na kioo, ili kujiokoa na joto, kikajipunguzia mwanga chenyewe mpaka nikawa naona uso wangu tu, umekunjamana, unatafuta video. Nikaelekeza huku, nikaelekeza kule, giza. Nikalivuta shali la Abti, nikaufunika mkono wa kushoto pamoja na simu, nikauingiza na wa kulia ili nibonyeze, nikainamisha jicho kwenye upenyo. Kumbe humo ndani kioo kinapendeza! Nikaona, kwa vile nimo gizani tayari, niiache video iendelee niipime na ile kamera ya gizani, ambayo nilikuwa nimeandika kwenye ukurasa wangu kwamba ni uongo wa wauzaji.

Hapa niwangoje wale wasiolijua soko letu. Ngamia anaponunuliwa kwetu, bei haitamkwi. Mnunuzi na muuzaji wanaingiza mikono chini ya kitambaa, vidole vinabonyezana, kila kidole na namna ya kushikwa kina maana yake, na midomo huku juu inazungumzia mvua, ili majirani wasijue lolote. Ukikataa unarudisha vidole vingine. Ukikubali unarudisha vile vile, na fedha hufuata baadaye. Mimi nilizaliwa hapa, nilikuwa najua kwamba jambo hilo lipo. Chuo kikuu niliandika hata insha kulishambulia, kwamba halina ushahidi na litakufa lenyewe. Lakini kuwaona kwa mbali wazee wawili waliofunika mikono ni jambo moja, na kutambua kwamba mmoja wa hao wawili ni wewe ni jambo jingine kabisa.

Kwa sababu tazameni soko liliona nini: kijana ameshika kamba ya ngamia mnono, mikono ameifunika kwa shali, ametulia, anangoja.

Akaja mzee mmoja mwenye ndevu za hina, Haji Bishaar, mnunuzi wa siku nyingi. Akatoa salamu, nikaitikia, na mkono wake ukapenya chini ya shali ukaukuta wa kwangu. Sikushtuka. Wazee wetu wakikusalimu wanaweza kukushika mkono mpaka uwataje watu wote wa ukoo.

"Huko kwenu mvua imenyesha?" Akabonyeza vidole vyangu vitatu.

"Bado, Haji." Nikamrudishia vile vitatu, kwa adabu.

Akanitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Na malisho?" Akabonyeza tena, vile vile, polepole, kama anayeuliza una hakika.

"Ni ya kubahatisha tu." Nikambonyeza tena, safari hii kwa nguvu zaidi, asije akadhani vijana wa siku hizi hawana heshima.

"Mashallah," akasema, "umelelewa vizuri." Akatoa mkono, akasema bismillahi, na mtu mwenye kopo la rangi nyekundu akaja akampaka Deeqa alama begani.

Sasa mimi nikafikiri nini? Nikafikiri huyu wa kopo ni msaidizi wa daktari, anatia alama wanyama wa kutibiwa. Nini kingine? Nikamuuliza kwa furaha, "Na mguu je?"

"Mguu si neno," akasema. "Anakokwenda hatembei."

Nikashangaa jinsi huduma za serikali zilivyoendelea. Akanyoosha mkono, nikampa kamba. Mimi mwenyewe. Nikamwambia na shukran.

Nilianza kuchanganyikiwa rasmi nilipoona Deeqa anapelekwa kwenye lori, na ndani ya lori ngamia wengine wamekalishwa, wamefungwa miguu. Nikamkimbilia yule wa rangi. "Kliniki iko ndani ya lori?"

Alicheka mpaka rangi ikamwagikia kanzu. "Kliniki iko Nairobi. Wanatibu kwa kisu."

Nikainua simu nimpigie Abti. Ikaniandikia kwamba ina joto kupita kiasi, ikazimika. Na simu yangu ya zamani ilikuwa kwenye droo ya Fartun. Nikabaki na njia moja, nikakimbia nikasimama nyuma ya lori, mikono nimeitandaza, shali shingoni.

"Huyu ngamia hauzwi!"

"Umeshamuuza," wakaniambia.

"Mimi? Kwa nani?"

"Kwa Haji."

"Saa ngapi?"

"Ulipokuwa unamwambia mvua bado."

Watu wakajaa. Abti akatokea katikati yao na Daktari Mutiso, mtu wa Kitui aliyehamishiwa kwetu miaka mingi, mkoba mkononi. Abti akaitazama rangi begani mwa Deeqa, kisha akanitazama mimi.

Madalali wakaketi kwenye mabenchi ya mama mmoja muuza chai kusikiliza kesi. Haji akasema yake kwa maneno machache: ameuliza mara mbili, amejibiwa mara mbili. Ningenyamaza hapo, Abti angenitetea. Lakini mimi tena? Nikasimama. Nikasema makubaliano bila nia si makubaliano. Nikasema utaratibu huu mzima una kasoro. Nikasema, "Ushahidi uko wapi? Nani aliyeona?" Halafu, Mungu anisamehe, nikakumbuka video.

Simu ilikuwa imepoa juu ya pipa la maji la mama wa chai. Nikaiwasha kwa fahari kubwa. "Tutazame wote," nikasema, na kwa sababu ya jua wazee saba wakaingiza vichwa chini ya shali pamoja nami.

Ile kamera, ndugu zangu, inaona gizani. Ungeweza kuhesabu vinyweleo kwenye vidole vya Haji. Vikabonyeza vitatu, mkono wangu ukarudisha vitatu. Vikabonyeza tena, mkono wangu, safi kabisa, bila kutetemeka, ukakubali kwa nguvu kama mtu mwenye shida ya kuuza.

"Kamera safi," akasema dalali mmoja kwa heshima.

"Simu hii inauzwa wapi?" akauliza Haji.

Nikakaa chini. Mtu aliyedai ushahidi maisha yake yote, ndio huo nilioupata.

Aliyetuokoa ni Daktari, ambaye alikuwa amechoka kusimama. "Jameni, mimi niliitwa kwa mguu," akasema kwa Kiswahili. "Lakini kwenye daftari langu la chanjo huyu ngamia ni wa mama mzee. Kuna mtu amemuuliza mama?"

"Daktari, bole," Haji akamjibu (ulimi wetu hauna "p" ya "pole"), "mimi sikujua kuna mama."

Abti akatoa kabambe yake, simu ndogo ya vibonye isiyo na umbo wala cha ndani cha kujivunia, chaji yake hukaa wiki. Akapiga, akaweka sauti ya juu. Akamweleza Ayeeyo yote. Soko zima likasogea kusikiliza.

"Nani aliuza?" Ayeeyo akauliza.

"Jibril."

Akakohoa, au alicheka, sijui. "Haji Bishaar, unanisikia? Huyo ndiye mtoto aliyeniuliza nani alithibitisha kwamba maziwa ni chakula, na kikombe kiko mdomoni. Huyo hawezi kuuza hata kuku. Ngamia ni wangu, nirudishie. Ukiona umepata hasara, mchukue huyo kijana."

Haji akanigeukia. Akanitazama kuanzia miguu mpaka kichwani, akazunguka nyuma yangu kidogo, kama wanavyofanya kwa mnyama. "Hapana," akasema. "Ana maneno mengi. Atawachosha ngamia wengine njiani."

Soko likapasuka kwa kicheko. Mama wa chai akashika pipa asianguke. Hata Abti alicheka, na ndipo nilipojua Deeqa atashuka.

Akashuka, Daktari akamtoa mwiba mrefu kama sindano ya gunia, akatembea vizuri. Haji akaweka sharti moja tu: ngamia amerudi, lakini mkono ujifunze. Kwa hiyo siku za soko mtaniona nimekaa karibu naye kwenye benchi la chai, mikono yetu chini ya shali, nafundishwa kuhesabu kama mtoto wa chekechea. Nikikosea, anawatangazia watu wote.

Fartun anaendelea kuniuliza niandike hukumu yangu: ipi bora? Sijui niandike nini. Kama ningechukua ile nene kioo kingesomeka, nisingefunika mkono, Deeqa asingeona lori. Lakini ile nyembamba, baada ya kunitia aibu, ndiyo pekee siku ile iliyosema kweli bila kubabaika. Na aliyeokoa jambo ni kabambe. Nimeandika na kufuta mara nyingi.

Nilichoapa ni kimoja: sitaishika tena kamba ya mtu huku nimeshika simu, nene wala nyembamba. Na nikisema umbo ni vipodozi, kwanza nautazama mkono wangu uko wapi.

Ile rangi nyekundu bado iko begani mwa Deeqa. Nilikwenda na sabuni kuiosha, Ayeeyo akanizuia. Akanipa kikombe cha maziwa. "Iache, ayeeyo," akasema. "Wewe si ulikuwa unataka ushahidi?"

Nikanywa. Sikuuliza kitu.